Karamu ya Malenga: Nani Anasema, Nani Ananyamaza?

UTANGULIZI

Mchezo huu wengi wetu tumewahi kuucheza. Watu wamekaa bwenini, umeme umekatika, hakuna anayeweza kusoma, na mmoja anauliza: "Hebu niambieni, kama ungepewa nafasi ya kuwaalika watu sita kwa chakula cha usiku, waliokufa kwa walio hai, ungemwalika nani?" Hapo majina huanza kumwagika. Huyu anamtaka Nyerere, yule anamtaka Shaka Zulu, mwingine anamtaka Bob Marley, na daima yupo mmoja wa kumwalika Cleopatra, naye huchekwa. Umeme ukirudi kila mtu anashika daftari lake. Hakuna anayedhani kwamba alikuwa akifanya uhakiki.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba alikuwa akiufanya. Anayechagua wageni sita amekwisha kuamua nani mkubwa na nani mdogo, nani ana la kusema na nani wa kutazamwa tu. Kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa na wanaopanga vitabu vya kiada na wanaotunga maswali ya mtihani, ila wao hawaifanyi gizani. Ndugu msomaji, sisemi haya kwa kusimama kando na kuwanyooshea wengine kidole. Niliandaa karamu ya namna hii mimi mwenyewe, nikaiandikia maneno, na ikanishinda. Nitaeleza ilivyonishinda, kwa sababu naamini kosa langu si langu peke yangu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu ni wa zamani, tena wenyewe una fasihi yake. Mwaka 1826 mhakiki Mwingereza William Hazlitt alichapisha insha kuhusu watu ambao mtu angetamani kuwaona. Anasimulia jioni moja nyumbani kwa Charles Lamb, marafiki wamekaa, mmoja akawataja Newton na Locke. Lamb akacheka. Kwa maoni yake hao wawili si watu, ni vitabu. Ukishavisoma umekwisha kuwaona, hakuna kilichobaki. Yeye akawachagua waandishi wawili ambao maandishi yao yana giza, Thomas Browne na Fulke Greville, kwa sababu angekuwa na la kuwauliza.

Mimi naona hapa pana kanuni ya kwanza ya uhakiki. Umaarufu wa mtu hautoshi kumfanya mgeni. Mgeni ni yule ambaye bado tuna swali naye. Ukimwalika Shaaban Robert kwa sababu ni Shaaban Robert, utampa kiti cha mbele, utamwambia "shikamoo Mzee", na baada ya hapo mtatazamana hadi wali upoe.

Kuna karamu nyingine mbili ninazotaka kuzitaja kabla sijafika kwangu. Ya kwanza ni ile ya Plato, inayofanyika nyumbani kwa mshairi Agathon. Wanaume wanakubaliana kwamba kila mmoja atatoa hotuba ya kuusifu upendo. Kabla hawajaanza wanamtoa nje mpiga zumari, mwanamke, na kumwambia akajipigie mwenyewe au akawapigie wanawake huko ndani. Lakini zamu ya Sokrate ilipofika, yeye hakutoa hotuba yake. Alisema anarudia mafundisho ya mwanamke mmoja aitwaye Diotima. Tazama ajabu hiyo: mwanamke aliyekuwapo ametolewa nje, na mwanamke ambaye hayupo ndiye mwenye hotuba nzito kuliko zote, tena kwa kinywa cha mwanamume.

Ya pili ni ya mwandishi Mwingereza Caryl Churchill, katika tamthilia yake Top Girls ya mwaka 1982. Mwanamke wa London aliyepandishwa cheo anawaandalia karamu wanawake wa kale, wa historia na wa hadithi, hotelini. Wanakula, wanakunywa, wanasimulia madhila yao, wanakatizana maneno. Mezani anahudumu mwanamke mmoja. Analeta sahani, anaondoa sahani. Katika karamu yote ile ya wanawake wenye sauti, yeye mwandishi hakumpa hata neno moja, na hakumnyima kwa kusahau.

Mambo haya mawili, mwanamke anayesemewa na mwanamke anayepakua, niliyasoma darasani nikayaandikia insha, nikapata alama nzuri. Hayakunisaidia kitu nilipokaa kuandika karamu yangu.

KARAMU YETU

Chama chetu cha fasihi kilikuwa na desturi ya kuonyesha mchezo mfupi mwisho wa muhula. Mwaka ule ikaamuliwa tuonyeshe karamu ya malenga wa Kiswahili waliotangulia, nami nikapewa kazi ya kuandika. Majina tuliyapigia kura. Nikiri kwamba kura yenyewe ilikuwa na vituko, maana kijana mmoja alimpigania Shakespeare kwa hoja kwamba Mwalimu Nyerere alimpa uraia alipotafsiri Juliasi Kaizari. Mwishowe tulibaki na sita.

Wa kwanza Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, mshairi wa siasa za Wamazrui na wa vijembe vya mitaani. Wa pili Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Wa tatu Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki mwaka 1950. Wa nne Shaaban Robert mwenyewe, 1909 hadi 1962. Wa tano Sheikh Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Wa sita Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyetuachia Rosa Mistika na Kichomi na mengine mengi, na ambaye alituaga Januari 2020. Yeye diwani yake ya mwaka 2008 aliiita Dhifa, kwa hiyo tukaona hata kadi ya mwaliko ameshajiandikia.

Wanaume wanne, wanawake wawili. Tulijiona waungwana.

Niliandika kwa usiku mbili. Niliyafurahia maneno yangu. Muyaka alimchokoza Amri, Amri akamrudi kwa vina, Kezilahabi akavunja vina, Shaaban akawasuluhisha kwa busara. Palikuwa na vicheko mahali pake. Tukaanza mazoezi.

HESABU

Siku ya tatu ya mazoezi, dada aliyepewa nafasi ya Siti alikuja na karatasi zake mkononi.

"Kaka, samahani. Hivi mimi kazi yangu humu ni kutabasamu?"

Nikacheka. Nikamwambia Siti ndiye kilele cha mchezo, mwishoni kabisa anasimama anaimba, taa zote ziko kwake.

"Hilo nimeliona. Ila wenzangu wanabishana ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Mimi nasema 'ahsante' mara mbili, halafu naimba. Sasa huyu ni malenga mwalikwa, au ni burudani ya walioalikwa?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla, nikahesabu. Shaaban alikuwa na zamu kumi na saba za kusema. Amri kumi na nne. Kezilahabi kumi na tatu. Muyaka tisa. Mwana Kupona nne. Siti tatu, na mbili kati ya hizo ni ahsante.

Nikatafuta udhuru, na udhuru haukosekani. Nikajiambia hivi: Siti hakupata shule, hakuacha kitabu, hakuacha barua wala utangulizi wa diwani. Shaaban ameacha insha, Amri ameacha sheria, Kezilahabi ameacha hata tahakiki za kitaaluma. Mimi mhakiki mwaminifu nawezaje kumtungia maneno mtu ambaye hakuacha maneno?

Hoja hii inasikika vizuri. Wengi wetu tunaitumia, na ndiyo inayofanya fasihi simulizi ikae sura ya mwisho ya kitabu na wiki ya mwisho ya muhula. Lakini ilinibidi niivunje kwa mkono wangu, kwa sababu pale mezani nilikuwa nimemkalisha Muyaka. Muyaka naye hakutuachia kitabu alichokipanga mwenyewe. Tungo zake zilihifadhiwa na watu vichwani mwao, hata mwisho wa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia baada ya mtungaji kuzikwa. Huyo nilimpa zamu tisa bila kusita. Nilimsikia akisema! Kuhusu Siti, ambaye sauti yake yenyewe ipo kwenye santuri tangu alipokwenda Bombay mwaka 1928, nikasema hakuacha maneno.

Kwa hiyo tatizo halikuwa maandishi. Tatizo lilikuwa sikio langu.

SITI WA KITABUNI NA SITI WA SANTURI

Hebu sasa tuangalie nilimtoa wapi huyu Siti anayetabasamu. Nilimtoa kwenye Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1958. Sitaki nieleweke vibaya. Kitabu hiki ni cha heshima, na mwandishi wake alifanya jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake wasingelifanya: alichukua maisha ya mwanamke wa Fumba, mtoto wa watu wa hali ya chini kabisa, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa na aliyetembeza vyungu mjini kuuza, akayaona yanastahili kuandikiwa wasifu. Hilo lilikuwa tendo la kimapinduzi, na lazima tumpe haki yake.

Hata hivyo, Shaaban ana namna yake ya kuumba watu. Mashujaa wake hubeba sifa zao katika majina: Karama katika Kusadikika, Adili katika Adili na Nduguze, Utubora katika Utubora Mkulima. Ni watu wanaopita katika dhiki wakiwa na subira na kutoka upande wa pili wakiwa wameng'ara. Mtu halisi akiingia katika kalamu hiyo, naye hutoka aking'ara. Siti wa Wasifu anaheshimika, ana subira, ni kielelezo kwa wanawake wengine. Ni ndugu yake Utubora. Ndiyo maana mimi, niliyemjua kwa kitabu hicho tu, nilipomkalisha mezani hakuwa na la kusema. Kielelezo hakibishani na mtu.

Lakini Siti wa santuri ni mwingine. Huyu aliimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Aliimba mbele ya Sultani, na aliimba nyumbani kwake Ng'ambo mbele ya watu waliorudi kutoka kazini. Nyimbo zake zinataja watu na mikasa yao. Wimbo wa Kijiti, ambao unafahamika sana kwa wanaofuatilia taarabu ya zamani, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji anakimbilia bara, na mashahidi, wanawake, ndio wanaoangukiwa na adhabu. Mtu anayeimba hayo katika mji unaotawaliwa na Mwingereza na Sultani hakukaa kutabasamu. Anahukumu mahakama.

Sasa fikiri huyu ndiye anayeketi mkabala na Shaaban Robert. Hapo karamu ina maana! Mambo aliyoyasema Shaaban kwa istiari, kwa nchi ya angani inayoitwa Kusadikika na kesi ya Karama mbele ya baraza, Siti aliyasema kwa jina la mtu na jina la mtaa. Yote mawili ni kuushtaki utawala usiosikia. Mmoja alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akahitaji kujifunika. Mwingine alikuwa mwimbaji, na wimbo ulikwisha kusambaa kabla ya mtu kuuliza nani kautunga. Hilo ni suala la fani na maudhui kama tunavyofundishwa, lakini ni suala pia la nani anamudu kusema wazi, na kwa nini. Nimesoma tahakiki nyingi za Kusadikika. Sijakutana na hata moja inayoiweka karibu na Kijiti.

AMRI NA KEZILAHABI: UGOMVI WA BANDIA

Nilipomsahihisha Siti niligundua kwamba na wanaume nao niliwadhulumu, kwa namna nyingine. Niliwapa maneno mengi yasiyo yao.

Kila mwanafunzi wa ushairi anaujua mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Tunaukariri kama timu za mpira: upande huu vina na mizani, upande ule mashairi huru. Kwa hiyo nilimweka Amri kushoto na Kezilahabi kulia, nikawasukuma. Amri wangu aligonga meza. Alimwita mwenzake mhuni wa lugha.

Kosa ni la tarehe tu, lakini ni kosa kubwa. Amri alifariki mwaka 1964. Kichomi kilitoka mwaka 1974. Amri hakusoma hata ubeti mmoja wa Kezilahabi, na Kezilahabi, Amri alipofariki, alikuwa kijana wa miaka ishirini. Waliobishana na kizazi cha Kezilahabi ni wengine, na walibishana kwa majina yao wenyewe. Mimi nilimpa Amri hasira za watu wengine kwa sababu jina lake liko juu ya kitabu chenye neno Sheria. Kumbe kitabu chenyewe ni cha kufundishia. Mtu anayekaa kuandika kanuni za fani yake ili mgeni naye aweze kuijua, huenda akasikiliza zaidi kuliko tunavyomdhania. Sijui angesema nini juu ya Kichomi. Hakuna anayejua. Mhakiki hana haki ya kumgongesha meza.

La ajabu ni kwamba mazungumzo ya kweli juu ya jambo hili yalikuwapo palepale mezani, ila niliwakalisha watu vibaya. Kezilahabi, katika utangulizi wa Kichomi, anatetea lugha ya kawaida, ile wanayoizungumza watu kila siku, iingie katika ushairi. Sasa nani pale mezani alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo? Si Siti? Miaka arobaini na zaidi kabla ya Kichomi, Siti alikuwa akiiingiza lugha ya Ng'ambo kwenye santuri, na aliiingiza kwa vina. Huyu anamsaidia Kezilahabi na palepale anamtia mashakani: lugha ya mtaani inaingia katika ushairi, ndiyo, lakini si lazima kina kivunjwe ili ipite. Kisha Muyaka naye anaweza kuinua kidole na kusema kwamba yeye aliipitisha mapema zaidi, kwa mashairi ya beti chache yaliyotembea Mombasa kama habari za mjini. Tukiwakalisha hivi, ile picha ya timu mbili inavunjika yenyewe. Tunapata swali jipya: nani anayeilinda lugha ya watu, anayeshika kanuni au anayeziacha? Kwa maoni yangu jawabu hutofautiana wimbo kwa wimbo, shairi kwa shairi, wala haliwezi kutolewa kwa kambi nzima.

WINO WA MWANA KUPONA

Juu ya Mwana Kupona nitasema machache. Yeye nilimpa zamu nne, zote za kuusia utii kwa mume, na yule dada aliyemwigiza alizisema kwa sauti ya unyenyekevu huku macho yako chini. Ndivyo tunavyomfundishwa: mama wa maadili ya zamani. Wengine humlaumu kwa hilo, wengine humsifu kwa hilohilo.

Lakini mwanzoni mwa utendi mama huyu, akiwa mgonjwa, anafanya jambo ambalo tunalipita haraka. Anamwita binti yake aje akae na wino na karatasi. Anayeagiza kalamu ni mwanamke, na anayeitwa kushika kalamu ni mwanamke. Na aliyetunga ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyemsumbua Sultani wa Unguja. Hakuwa mtu asiyejua mamlaka ni kitu gani. Sisemi kwamba utendi ule unasema kinyume cha maneno yake. Utii uko mle, na mtu asiutoe kwa nguvu ili kumfanya mama huyu awe mwenzetu. Ninachosema ni kwamba mezani alipaswa aje na wino wake. Shaaban naye alimtungia binti yake utenzi wa Hati. Wazazi wawili, mabinti wawili, miaka karibu mia kati yao. Na huyo ndiye niliyemkalisha mwisho wa meza, mbali na Shaaban, eti kwa sababu za jukwaa.

NANI ANAPAKUA?

Tulibadili mengi. Meza tuliitoa, kwanza. Dada yule wa Siti ndiye aliyesema kwamba meza ndefu na viti sita vimetoka katika picha za Wazungu, na kwamba Mwana Kupona asingeketi hivyo na wanaume wasio maharimu zake, sembuse kubishana huku anatafuna. Tukatandika mikeka miwili, sinia mbili, pazia jembamba katikati. Nilidhani pazia litaua mchezo. Badala yake liliwafanya wanaume wanyamaze kila sauti ya upande wa pili ilipotoka, kwa sababu ilibidi wasikilize. Nilijifunza kitu hapo kuhusu utendi wenyewe ambacho daftari langu halikuwa nacho.

Pili, tulijiwekea sharti. Hakuna mgeni atakayesema jambo ambalo mwigizaji wake hawezi kuonyesha limetoka kazi gani. Asipoweza, basi aulize tu. Swali halimsingizii marehemu kama jibu linavyomsingizia. Kwa sharti hili Shaaban alibaki na zamu nane, Amri tano. Siti alipata kumi na moja, na saba kati yake zilikuwa maswali kwa Shaaban: kwa nini umeniandika hivi, ulisikiliza santuri zangu ngapi, yule Kijiti umemwacha wapi. Shaaban wetu hakuwa na majibu yote. Tulimwacha hivyohivyo, amekaa na tonge mkononi.

Lakini lipo ambalo hatukulisahihisha, nami nalisema ili nisije nikajisifu. Katika mchezo wetu palikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aliyeingia mara nne: akaleta maji ya kunawa, akaleta wali, akaleta mchuzi, akaondoa sinia. Hakuwa na neno. Onyesho lilipokwisha, na watu wakashangilia, mwalimu mmoja alitusogelea akauliza, kwa upole tu: "Na huyu aliyepika, jina lake nani?" Tukatazamana. Nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya mhudumu wa Churchill.

Mwalimu huyohuyo akaongeza la pili, ambalo bado linanisumbua. Alisema hata maswali ya Siti ni yangu, si yake. Ni kweli. Sharti letu linapunguza uongo, haliuondoi. Diotima tunamjua kwa kinywa cha Sokrate, na Sokrate kwa kalamu ya Plato. Siti wangu wa pili ana zamu nyingi kuliko wa kwanza, lakini bado ni mwanamume aliyemwandikia. Tofauti ni kwamba safari hii mwanamke aliyemwigiza alikaa nami, akafuta mistari, akaandika mingine. Hiyo ni tofauti ya kweli. Sidhani inatosha.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa kuwaalika wakubwa si wa kupotezea muda. Unapima mambo matatu. Unapima kama tuna swali na tunayemwalika, au tuna jina lake tu. Unapima tumemjua kwa kazi yake au kwa kinywa cha mwingine. Na unapima nani tumempa maneno na nani tumempa sahani abebe. Mtu akitaka kuuchunguza uhakiki wake mwenyewe, aandike karamu ya kurasa kumi, kisha ahesabu zamu. Hesabu haitamwonea haya.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waandishi wetu tumewakirimu muda mrefu sana. Tunawapokea, tunawasifu, tunawapa kiti cha mbele na siku ya kumbukumbu, na kwa heshima hiyo hawafanyi kazi yoyote katika fikra zetu. Mimi naona siku ya tatu imefika. Shaaban Robert apewe jembe alime karibu na Siti, tuone mtaro wa nani umenyooka. Na sisi wenyeji tuwe na adabu ya kuingia jikoni, tuulize jina la aliyepika kabla mwalimu hajatuuliza.

Kijana yule wa mwaka wa kwanza, kwa taarifa ya msomaji, mwaka uliofuata alichaguliwa kuandika mchezo wa chama. Aliuanzia jikoni.